Kidonge, sindano ya miezi miwili au ya nusu mwaka: PrEP ipi inamfaa Mlatino mwenye kipato kidogo Marekani

Chupa ya vidonge 30 vya PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, aina ya jeneriki (nakala ya bei nafuu ya dawa ya chapa), ukiwa na kuponi ya punguzo mkononi, inapatikana katika maduka mengi ya dawa Marekani kwa dola 30 hivi. Kwa mwaka ni dola 360. Sasa mchukue fundi wa kuezeka paa anayelipwa dola 150 kwa siku, na siku asiyofika halipwi kitu. Akienda kliniki mara 4 kwa mwaka kupimwa na kuandikiwa upya, amepoteza dola 600. Siku ya kufuata kidonge ni ghali kuliko kidonge chenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo, kuuliza "dawa ipi ni bora?" ni kuanzia katikati. Kwanza aulize nani atalipa, na atakosa kazi siku ngapi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wanaume wa Kilatino wapenzi wa jinsia moja wanaoishi Marekani kwa kipato kidogo, na hasa kwa wale wanaowasaidia: wakalimani, wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mapokezi. Mswahili anayebeba boksi Houston au Phoenix atakuta mengi yanamhusu na yeye, maana foleni ni ileile.

Kwa makadirio ya CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, watu 31,800 walipata maambukizi mapya ya VVU Marekani mwaka 2022. Walatino ni kama mtu 1 katika kila watu 5 nchini humo, lakini walibeba theluthi moja ya maambukizi hayo, na wengi wao ni wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Mwaka huohuo, kwa hesabu ya CDC ya watu wanaostahili PrEP, walioandikiwa walikuwa asilimia 94 kwa Wazungu, asilimia 24 kwa Walatino na asilimia 13 kwa Weusi.

Na si kwamba dawa hii ni ngeni kwao. Jaribio la iPrEx, lililotoa majibu mwaka 2010 na kufungua njia ya Truvada, kidonge cha kwanza cha PrEP, kuidhinishwa Julai 2012, lilikuwa na washiriki 2,499. Kati yao 1,400 walikuwa Peru, na mamia wengine Brazil na Ecuador. PURPOSE 2, jaribio la lenacapavir, ile sindano ya nusu mwaka, nalo lilipita Peru, Brazil, Argentina na Mexico. Leseni ya kutengeneza lenacapavir ya bei nafuu ilipotolewa kwa nchi 120 mwaka 2024, nchi hizo nne hazikuwamo. Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Waliotoa mikono kuchomwa si lazima wawe wa kwanza kugawiwa.

Dawa zenyewe

| | TDF/FTC (Truvada na jeneriki zake) | TAF/FTC (Descovy) | Cabotegravir (Apretude) | Lenacapavir (Yeztugo) |
|---|---|---|---|---|
| Iliidhinishwa kwa kinga | Julai 2012 | Oktoba 2019 | Desemba 2021 | Juni 2025 |
| Dozi | Kidonge 1 kwa siku, miligramu 300/200 | Kidonge 1 kwa siku, miligramu 25/200 | Miligramu 600 kwenye msuli wa tako, kila miezi 2 | Miligramu 927 chini ya ngozi, kila miezi 6 |
| Bei bila msaada | Dola 30 hivi kwa mwezi kwa kuponi | Zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi | Dola 3,700 kwa sindano ilipotoka | Dola 28,218 kwa mwaka |
| Safari za dawa mwaka wa kwanza | 4 | 4 | 7 | 2 |
| Figo (kiwango cha kuchuja) | 60 na kuendelea | 30 na kuendelea | Si kikwazo kikubwa | Si kikwazo kikubwa |

Kati ya vidonge viwili, kwa kijana mwenye figo nzima hakuna sababu ya kitabibu ya kukimbilia Descovy. TDF inaweza kupunguza kidogo uzito wa mifupa na kuchosha figo, ndiyo, lakini kwa wengi mabadiliko hayo ni madogo na hurudi nyuma dawa ikisimamishwa. Descovy ina maana pale kiwango cha kuchuja cha figo kiko kati ya 30 na 60, au mtu ana tatizo la mifupa. Nje ya hapo, tofauti kubwa ni bei, na bei hiyo ina hadithi yake tutakayoifikia kwenye kliniki za jamii.

Kidonge kinasamehe kuliko watu wanavyodhani. Kwa mapenzi ya njia ya nyuma, makadirio ya utafiti wa STRAND yalikuwa asilimia 76 ya kinga kwa dozi 2 kwa wiki, asilimia 96 kwa dozi 4 na asilimia 99 kwa dozi 7. Aliyesahau Jumatano aendelee Alhamisi, asimeze viwili kufidia wala asitupe chupa akidhani mambo yameharibika. Anayeanza ahesabu siku 7 za kumeza kila siku kabla ya kujiona amekingwa.

Kuna na mtindo wa 2-1-1, kwa asiyekutana na mtu mara kwa mara: vidonge 2 kati ya saa 24 na saa 2 kabla ya tendo, 1 baada ya saa 24 tangu vile viwili, na 1 tena saa 24 baadaye. Ulithibitishwa kwa TDF/FTC tu, kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Descovy usiitumie hivyo. Mwenye homa ya ini aina ya B naye haumhusu, kwa sababu vidonge hivi vinatibu pia kirusi cha homa hiyo, na kuvianza na kuviacha kila mara kunaweza kuiamsha. Kwa asiye na bima, mtindo huu unaifanya chupa moja ifike miezi miwili au mitatu, lakini vipimo havipungui.

Jambo dogo linaloharibu dawa kimyakimya ni joto. Lebo inataka vidonge vikae kwenye chupa yake, pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu, mahali pasipozidi nyuzi 30. Mtu anayelala chumba kimoja na wenzake wanne huificha chupa ndani ya pikapu, na pikapu iliyoegeshwa juani Texas mwezi Julai ni tanuri. Afadhali kisanduku kidogo cha dozi za wiki mfukoni, na chupa ibaki ndani, nyuma ya nguo.

Cabotegravir ilikishinda kidonge waziwazi: katika jaribio la HPTN 083, maambukizi yalipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na TDF/FTC. Ushindi huo ulitokana zaidi na sindano kutosahaulika, wala hakukuwa na hitilafu kwenye kidonge. Hakuna chupa ya kuficha. Lakini tazama kalenda. Sindano ya kwanza 10 Januari, ya pili 10 Februari, kisha 10 Aprili, 10 Juni, 10 Agosti, 10 Oktoba, 10 Desemba. Ni safari 7, kila moja ikiwa na dirisha la siku 7 mbele au nyuma, na kila moja ina kipimo cha VVU. Yule fundi wetu wa paa ameshapoteza dola 1,050. Zikipita miezi 3 tangu sindano ya mwisho, anaanza upya na sindano mbili za mwezi mmojammoja. Anayehama kufuata mavuno, stroberi California kisha tufaha Washington, ataifukuzia kliniki yenye dawa hiyo kwenye jimbo jingine lenye utaratibu mwingine kabisa, na mara nyingi ataikosa.

Kuikosa kuna gharama ya pili. Cabotegravir haitoki mwilini haraka. Inabaki kwa kiwango kidogo hata mwaka mmoja au zaidi. Kiasi hicho hakitoshi kukinga, ila kinatosha kumfundisha kirusi ukaidi iwapo maambukizi yataingia kipindi hicho, na ukaidi huo unagusa jamii ileile ya dawa inayotegemewa kwenye matibabu, dolutegravir ikiwamo. Anayeacha sindano na bado yuko kwenye hatari ahamie kidonge, asikae mikono mitupu.

Lenacapavir imepunguza safari hadi 2. Katika PURPOSE 2 waliopewa walikuwa 2,179, na walioambukizwa ni 2. Siku ya kwanza mtu huchomwa sindano 2 za mililita 1.5 tumboni au pajani, anameza vidonge 2 hapohapo, na kesho yake anameza vingine 2 nyumbani. Hivyo vya kesho yake ndivyo huachwa. Mtu amechomwa, anaona kazi imekwisha, vidonge viwili vinabaki kwenye mfuko wa karatasi. Dawa hupanda polepole kutoka chini ya ngozi, na vile vidonge vinne ndivyo vinavyoifikisha kwenye kiwango cha kukinga tangu mwanzo. Mhudumu mzuri hupiga simu asubuhi ya siku ya pili. Kivimbe kigumu mahali pa sindano ni cha kawaida na hukaa miezi. Asiyeambiwa mapema hudhani ni jipu au uvimbe mbaya na harudi tena. Dirisha ni wiki 26, kwa nafasi ya wiki 2 kabla au baada. Zikizidi 28, unaanza upya pamoja na vidonge. Nayo huacha mabaki ya muda mrefu kama cabotegravir.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vingi. Wahamiaji wengi kutoka Amerika ya Kati na Kusini hupimwa kifua kikuu wakifika Marekani, na wenye maambukizi yaliyolala hupewa rifampisini miezi 4, au rifapentini kwa wiki 12. Dawa hizo hulifanya ini lisafishe haraka dawa nyingine za kinga. Rifampisini na cabotegravir haziendi pamoja kabisa. Lenacapavir inahitaji dozi za nyongeza. TAF haishauriwi. TDF/FTC peke yake ndiyo isiyosumbuliwa. Kwa hiyo aliye kwenye dawa za kifua kikuu asibishane: jeneriki, kisha sindano baadaye akitaka.

Nani analipa

Hapa ndipo watu wanapopotea.

*Bima ya kazini au ya soko la bima la serikali.* Tangu jopo la kitaifa la kinga liipe PrEP daraja A mwaka 2019, na ufafanuzi wa Julai 2021 kuongeza ziara na vipimo vyake, bima nyingi zinapaswa kulipa vyote bila mchango wa mgonjwa. Mwaka 2023 sindano ziliingizwa kwenye pendekezo hilo. Mahakama ya Juu ililinda utaratibu huo 27 Juni 2025. Lakini bili ya maabara ya dola 200 au 300 bado inafika nyumbani, na sababu ya kawaida ni msimbo. Kliniki imeandika ziara kama uchunguzi wa ugonjwa, wakati tangu Oktoba 2023 kuna msimbo mahususi wa ziara ya PrEP: Z29.81, na kwenye huduma huongezwa alama ya 33 inayoonyesha ni kinga. Usilipe bili hiyo kwanza. Piga simu ofisi ya bili, omba madai yatumwe upya kwa Z29.81 na alama 33, andika tarehe na jina la aliyepokea. Kinachowaumiza wengi ni kwamba bili inakuja kwa Kiingereza, mtu anaogopa, analipa au anaacha dawa.

Kijana aliye kwenye bima ya wazazi, ambayo hufika hadi miaka 26, ana tatizo jingine: barua ya maelezo ya malipo hutumwa kwa mwenye bima. Baba anafungua bahasha, anaona jina la dawa. Sheria inaruhusu kuomba mawasiliano ya siri yatumwe anwani nyingine au mtandaoni, lakini ombi lifanywe kabla ya ziara ya kwanza. Asiyeweza kungoja atumie jeneriki kwa taslimu na asiiguse bima kabisa. Kwa dola 30, siri hiyo si ghali.

Jihadhari na "bima" za muda mfupi zinazouzwa rahisi kwa simu, mara nyingi kwa Kihispania fasaha. Hazibanwi na kanuni hii. Tena ruzuku zilizoongezwa kwenye soko la bima ziliisha mwishoni mwa 2025, na michango ikapanda, kwa hiyo aliyekuwa na bima mwaka jana huenda hana leo. Asiye na karatasi, yaani hati za uhamiaji, kwa kawaida haruhusiwi kununua kwenye soko hilo hata kwa fedha yake.

*Medicaid.* Hii ni bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Majimbo 40 na Washington D.C. yamepanua kipato cha kustahili hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa mtu mmoja mwaka 2025 ilikuwa dola 21,597. Texas, Florida na Georgia hayamo, na hayo matatu yana Walatino wengi na VVU vingi. Huko mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu, awe maskini kiasi gani, kwa kawaida hapati. Mwenye kadi ya kijani husubiri miaka 5. California ilifungua Medi-Cal, yaani Medicaid yake, kwa watu wazima wote Januari 2024 bila kujali hati, kisha ikafunga mlango kwa waombaji wapya wasio na hati Januari 2026.

Kuna hofu ya kutoa majina, na si ya bure: Juni 2025 ilijulikana kwamba taarifa za wanachama wa Medicaid zilipelekwa kwa idara ya usalama wa ndani. Kanuni ya mwaka 2022 haihesabu Medicaid ya kawaida dhidi ya mwombaji wa makazi, ila Novemba 2025 serikali ilipendekeza kuifuta. Mwenye ombi la makazi mezani azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu. Kidonge cha taslimu hakiingii kwenye mjadala huo hata kidogo.

*Kliniki za jamii zenye ruzuku ya serikali kuu.* Hizi ndizo uti wa mgongo. Hazipaswi kumrudisha mtu kwa kukosa fedha: aliye chini ya mstari wa umaskini hulipa ada ndogo au hapana, na hadi asilimia 200 ya mstari huo hupewa punguzo kwa ngazi. Ushahidi wa kipato unaweza kuwa barua ya mwajiri, taarifa ya benki, au kwa anayelipwa mkononi, tamko lake lililotiwa saini. Sehemu ya namba ya hifadhi ya jamii ikiachwa wazi fomu inaendelea. Ikijazwa namba ya kubuni au ya binamu, rekodi za watu wawili huchanganyika na majibu ya VVU hupelekwa kwenye faili lisilo lake. Julai 2025 wizara ya afya ilitoa tafsiri mpya inayolenga kuwazuia wasio na hati, na mahakama ikaizuia katika majimbo yaliyoshtaki. Kabla ya kupoteza siku, piga simu uulize waziwazi kama wanampokea asiye na karatasi.

Kliniki hizi hununua dawa kwa punguzo kubwa chini ya mpango wa 340B wa mwaka 1992, kisha huidai bima bei kamili, na tofauti ndiyo huwalipa wahudumu wanaomshika mgonjwa mkono. Hesabu yake ni wazi: dawa ya dola 2,000 huacha tofauti nono, jeneriki ya dola 30 haiachi kitu. Ukiona kijana wa miaka 24 mwenye figo safi ameandikiwa Descovy, si lazima figo ndizo zilizoangaliwa. Ubaya haupo akiwa ana bima. Ubaya unakuja siku bima inapokatika, na mtu anaambiwa dukani kwamba dawa yake ni dola 2,000 na zaidi, bila yeyote kumwambia kuwa ile ya dola 30 ingemfaa vilevile. Ombeni karatasi ya daktari ya kuandikiwa jeneriki mapema, ikae kwenye faili.

*Mipango ya majimbo na kaunti.* California, New York na Washington zina mipango ya kulipia PrEP au huduma zake, na ule wa California hauangalii hati za uhamiaji. Florida, pamoja na kukataa kupanua Medicaid, hutoa PrEP bila malipo kupitia idara za afya za kaunti zake zote 67 tangu mwisho wa 2018. Kwa Mlatino wa Miami asiye na bima, huo ni mlango wa kwanza wa kugonga.

*Kampuni ya dawa.* Mpango wa Gilead, watengenezaji wa Truvada, Descovy na lenacapavir, kwa wasio na bima huchukua wenye kipato hadi asilimia 500 ya mstari wa umaskini, dola 78,250 kwa mtu mmoja kwa viwango vya 2025. Unadai ukazi wa Marekani; uraia hauhitajiki. Unatoa dawa, haulipi maabara wala ziara. Ndiyo njia ya kweli ya asiye na bima kupata lenacapavir, mradi kliniki ijaze fomu na iwe na mtu wa kuchoma. Kosa la kawaida: dawa hupelekwa kwa jina la mgonjwa kliniki, yeye amebadili namba ya simu, na sindano inakaa kabatini huku dirisha likifunga. Toeni namba mbili, ya pili iwe ya mtu anayejua siri.

*Taslimu.* Tafuta kuponi kabla ya kufika dirishani, maana bei ya kaunta bila kuponi inaweza kuwa mamia ya dola kwa chupa ileile, na duka la upande wa pili wa barabara likawa na bei tofauti. Omba vidonge 90 kwa mara moja. Vipimo fanya kliniki ya kaunti ya magonjwa ya zinaa, si maabara ya hospitali.

Hesabu ya mtu mmoja

Mpishi wa Houston, miaka 31, hana karatasi, analipwa dola 2,100 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 25,200, yaani asilimia 161 ya mstari wa umaskini wa mwaka 2025, dola 15,650. Medicaid hapana, soko la bima hapana. Kliniki ya jamii ndiyo, kwa punguzo la ngazi. Kampuni ndiyo. Chaguo la kwanza kwake wiki hii ni jeneriki ya vidonge 90, kwa sababu haisubiri kibali cha mtu yeyote. Huku akiimeza, kliniki ipeleke fomu ya lenacapavir. Ikikubaliwa, anahamia safari 2 za dawa kwa mwaka. Ikikataliwa, hajapoteza siku hata moja ya kinga. Kosa ni kumkalisha miezi miwili akisubiri sindano ya dola 28,218 wakati kidonge cha dola 1 kwa siku kiko dukani.

Mwenye bima nzuri, kazi ya ofisini na kliniki karibu, achague apendacho. Anayelala na wenzake na kuogopa chupa: lenacapavir kwanza, cabotegravir ikiwa hakuna nyingine na kliniki iko njiani kwenda kazini. Anayehama kufuata kazi: kidonge, au lenacapavir iliyopangwa kulingana na miezi anayorudi mji uleule. Mwenye homa ya ini B: kidonge cha kila siku, bila mchezo.

Vipimo, vyovyote uchaguavyo

Mwanzo: VVU kwa antijeni na kingamwili ndani ya siku 7 kabla ya kuanza, kreatinini (kipimo cha figo) kwa wa vidonge, homa ya ini B, kaswende, kisonono na klamidia. Mwenye homa, vipele na tezi kuvimba wiki hizi apimwe pia kirusi chenyewe kwenye damu, maana kingamwili huchelewa. Baadaye VVU kila miezi 3 kwa wa vidonge, na magonjwa ya zinaa kila miezi 3 hadi 6. Kisonono na klamidia vipimwe sehemu tatu: koo, njia ya haja kubwa na mkojo. Kliniki yenye haraka huchukua mkojo tu, na kwa wanaume hawa mkojo peke yake huacha maambukizi mengi nyuma. Mgonjwa anaweza kujichukulia mwenyewe vijiti viwili chooni kwa dakika tatu, aombe.

Mkalimani ni haki isiyolipiwa katika kliniki inayopokea fedha za serikali kuu. Na msidhani Kihispania kinatosha. Kijana kutoka nyanda za juu za Guatemala anaweza kuwa msemaji wa Kimam au Kikiche, na Kihispania chake kikawa cha sokoni, sawasawa na kudhani kila Mkongomani wa Bukavu atajieleza kuhusu mwili wake kwa Kifaransa.

Aliyekwisha kukutana na hatari hahitaji ulinganisho huu leo. Anahitaji PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo bora, kwa siku 28, na mlango wa hospitali wa dharura uko wazi usiku. Siku ya 28 aingie PrEP moja kwa moja bila kuacha pengo, baada ya kupimwa.

Na anayehama jimbo afanye mambo matatu wiki ya mwisho kabla ya kuondoka: achukue vidonge 90, apige picha ya majibu yake ya mwisho ya VVU na ya homa ya ini B, na aandike tarehe ya sindano ya mwisho kwenye simu. Kliniki mpya isiyo na tarehe hiyo haijui kama dirisha limefungwa, na huenda ikamwanzisha upya kuanzia foleni ya kwanza.